"Dini Yangu Hainiruhusu": Neno la Haki Linapotiwa Mahali Si Pake



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), napenda leo tulitazame pamoja neno moja ambalo kila mwenye imani hulitukuza, nalo ni hili: "Dini yangu hainiruhusu." Neno hili ni zito. Sayyidna Bilal (r.a.) alilisema kwa ulimi wake na kwa mwili wake, hali amewekewa jiwe kifuani juu ya mchanga wa moto wa Makka. Hapana Mwislamu asiyelipenda. Lakini neno, hata likiwa jema namna gani, laweza kutiwa mahali si pake likawa dhulma. Na dhulma iliyovaa kanzu ya dini ni mbaya kuliko dhulma iliyo uchi, kwani hiyo iliyo uchi watu huikimbia, na hii yenye kanzu huiitikia Amin.

Sikusudii kuikosoa dhamiri ya mtu. Ninachokosoa ni matumizi ya neno hili linapotoka kinywani mwa mtumishi wa serikali, aliyekalia kiti cha watu wote, akamwambia raia aliyefuata haki aliyopewa na sheria kwamba hataipata, kwa kuwa dini ya mwenye kiti haimruhusu kumpa. Je, hiyo ni taqwa, au ni kitu kingine kilichoazima jina la taqwa? Hilo ndilo suala letu.

Tuanze pale neno hili lilipokaa mahali pake. Mwaka 2007, huko Mbozi, wakati ule ikiwa ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya, wanafunzi wa sekondari walio Mashahidi wa Yehova walikataa kuimba wimbo wa taifa. Kwa itikadi yao kuimba vile ni sehemu ya ibada, na ibada hawampi ila Mungu. Wakaadhibiwa, wakaondolewa masomoni. Mahakama Kuu iliwakatalia, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa haki wanafunzi hao, ambao idadi yao ilikuwa 127. Sisi Waislamu hatukubaliani nao katika mambo mengi ya itikadi. Lakini yatupasa kukiri kwamba walilolifanya lina sura ya heshima: hawakumzuia mwenzao kuimba, hawakuchukua cha mtu, na gharama ya dhamiri yao waliilipa wao wenyewe kwa kukosa masomo. Anayekataa kwa namna hii huitoa sadaka nafsi yake, wala hamtoi jirani yake.

Sasa tulitazame neno lile lile likitoka kwa mwenye kiti. Mwaka 2015 lilitokea jambo huko Marekani lililovuma dunia nzima. Mwezi wa Juni, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba ndoa za watu wa jinsia moja zitambuliwe katika majimbo yote. Bibi mmoja aitwaye Kim Davis, Mkristo, aliyekuwa karani mkuu wa wilaya ya Rowan katika jimbo la Kentucky, akakataa kutoa vibali vya ndoa hizo. Na ili asionekane anabagua, akaacha kutoa vibali kwa watu wote, hata kwa mwanamume na mwanamke. Mahakama ikamwamuru atoe, akakataa. Akatiwa jela mwanzo wa mwezi wa Septemba, akakaa siku chache, na alipokuwa ndani makarani walio chini yake wakatoa vibali. Mwaka 2018 alisimama tena katika uchaguzi, akashindwa.

Ndoa zile sisi hatuzijui katika dini yetu, na katika hilo hatuna shaka. Ndiyo maana nimeuchagua mfano huu, kwa sababu ni rahisi mtu wetu kusema, "Bibi yule alifanya vyema." Lakini tazama vizuri, msomaji. Yule bibi hakujiuzulu. Aliendelea kukaa kwenye kiti na kupokea mshahara unaotoka katika kodi za watu wote, hata wale aliowafungia mlango. Na kijana wa Rowan aliyetaka kumwoa binti wa watu kwa ndoa ambayo hata kanisa la bibi yule laibariki, naye pia alirudi mikono mitupu. Basi huyu alitenda kosa gani? Hapa ndipo tunapoona tofauti yake na wanafunzi wa Mbozi. Wao walilipa, bibi huyu, kabla ya kulipa yeye siku zile za jela, aliwalipisha wengine kwanza.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja atasema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na ili uone yanavyotuhusu twende bara, huku Singida ninakosomesha.

Singida si pwani. Uislamu uliingia kwa njia ya misafara, ile iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora kwa kupitia nchi ya Wagogo na Kilimatinde. Ukristo nao umeshika: Walutheri katika Iramba, Wakatoliki Makiungu na Itigi, na Wapentekoste karibu kila mahali. Utakuta nyumba moja ya Kinyaturu ambamo kaka ni Mwislamu, dada ni Mlutheri, na babu hakufuata dini yoyote katika hizo. Nao hula chakula kimoja na kuzikana. Katika nchi ya namna hii, mtu akienda bomani au mahakamani hamjui dini yake atakayemkuta mezani. Hajui, wala hapaswi kujua.

Sasa fikiri mambo mawili yawezayo kutokea siku yoyote katika wilaya yoyote ya mkoa huu.

La kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeruhusu ndoa za namna mbalimbali, zikiwemo ya kidini kwa wale wanaoifuata dini ile, na ya kiserikali, ambayo watu huiita ndoa ya bomani. Wenye kutaka ndoa hutoa taarifa siku 21 kabla, na kama hapana pingamizi la kisheria, msajili huwafungisha. Sheria hii haikatazi watu wa dini mbalimbali kuoana bomani. Basi aje binti wa Kiislamu na kijana wa Kikristo mbele ya msajili aliye Mwislamu. Katika fiqhi yetu ndoa hiyo haisihi. Msajili afanye nini? Moyo wake utamwambia, "Dini yangu hainiruhusu." Nami nauelewa moyo wake, wala siucheki.

La pili. Sheria hiyo hiyo imesema kwamba talaka ipitie mahakamani, hata ya Waislamu. Baraza la usuluhishi, kwa mfano lile la BAKWATA, likishindwa kuwapatanisha, shauri hupelekwa kwa hakimu, na mahakama za kadhi huku Tanzania Bara hazimo tena katika mahakama za dola tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Basi mwanamke wa Kiislamu wa Ikungi, ambaye mumewe amemtelekeza, hampi chakula wala nguo, atakwenda kwa hakimu. Na huyo hakimu huenda ni Mkatoliki safi. Kwa imani ya Kanisa lake ndoa haivunjiki mpaka kufa. Na jambo hili si la kubuni: mwezi wa Januari 2002, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwahutubia majaji wa mahakama ya Kanisa huko Roma, akawataka wanasheria wasiutumie ujuzi wao kwa ajili ya talaka, na akagusa pia hali ya majaji ambao sheria za nchi zao hazitambui kukataa kwao kwa ajili ya dhamiri.

Je, hakimu yule akimwambia yule mwanamke, "Mama, rudi nyumbani, dini yangu hainiruhusu kuvunja ndoa," sisi tutasema nini? Nakujua utakavyosema, nami nitasema pamoja nawe: hii ni dhulma! Tutauliza: tangu lini haki ya Mwislamu ikatazamwa kwa miwani ya Roma? Tutaandika magazetini, tutalisema mimbarini siku ya Ijumaa. Na tutakuwa na haki. Lakini basi, kama ni dhulma kwa hakimu, kwa msajili itakuwaje ibada? Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ama sisi Waislamu wa nchi hii, katika watu wote, hatufai kabisa kuudai mlango huu ufunguliwe. Tangu siku za ukoloni tumelalamika kwamba shule nyingi zilikuwa za misheni, na kwamba mtoto wa Kiislamu wa bara aliyetaka kusoma alipata taabu na dini yake. Mpaka leo tunanung'unikia hijabu ya binti zetu na nafasi ya swala ya Ijumaa. Msingi wa malalamiko yetu yote ni mmoja: kwamba raia ni sawa mbele ya sheria, na Katiba ya mwaka 1977 imelikubali hilo katika ibara ya 13, kama ilivyokubali uhuru wa dini katika ibara ya 19. Mwenye kujenga madai yake juu ya msingi huu hawezi tena kuuchimba kwa upande wa nyuma. Siku tutakaposema kwamba afisa aweza kuzuia haki ya mtu kwa ajili ya dini yake afisa, tumewapa maafisa wote ruhusa hiyo, na huku bara walio wengi si sisi.

Utaniambia: "Shekhe, hayo ni maneno ya faida na hasara, sisi twataka maneno ya dini." Vyema, na tuyaendee.

Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za Misri, na mfalme wa Misri hakuwa mtu wa dini yake. Alipokalia kiti kile alimgawia nani? Aligawia kila aliyekuja na njaa yake. Na walipokuja ndugu zake waliomtia kisimani, hakusema "hawa ni madhalimu, sitawapa". Aliwajazia kipimo sawasawa. Qur'ani yatujulisha pia kwamba ile nchi ilikuwa na sheria ya mfalme, na Yusuf aliijua akaitazama. Huyu ndiye mfano wa Mwislamu katika kiti cha dola isiyo yake: dini yake ilionekana katika kipimo kilichotimia, wala haikuonekana katika mlango uliofungwa.

Tena liko tukio la Madina ambalo wafasiri wamelieleza katika Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtu mmoja katika watu waliojiita Waislamu aliiba deraya, kisha ikasingiziwa kwa Myahudi. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (s.a.w.) wakitaka awatetee. Zikashuka aya kumsafisha Myahudi na kumkataza Mtume kuwa wakili wa wahaini. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, tumeamrishwa kuisimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki yetu kwa watu isitufanye tukaacha uadilifu. Basi aliye mbele ya meza yako, uwe wampenda au humpendi, haki yake ni haki yake.

Yako maneno mawili ambayo wenye kushika rai ile huyatoa, na si insafu kuyaruka.

Neno la kwanza ni hadithi inayojulikana na kila mwanachuo, kwamba hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na pamoja nayo ni aya ya pili ya Suratul Maida inayotukataza kusaidiana katika dhambi. Nami nasema: ni kweli tupu. Lakini hadithi ile yasema usitii. Haikusema ubaki kitini, upokee mshahara, umzuie mwenye haki asipite kwa wengine. Huo ni mkia ulioongezwa. Wanavyuoni wetu waliielewa hivyo kwa vitendo. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki Baghdad mwaka 150 wa Hijra, alitakiwa na Khalifa Abu Jaafar al-Mansur awe kadhi. Alikataa, na wapokezi wanaeleza kwamba alitiwa jela kwa kukataa kwake. Tazama alichokikataa: alikikataa kiti. Hakukikubali kiti, akavaa joho, akachukua posho, kisha akasema kesi hii naitaka na ile siitaki. Na Abu Dharr (r.a.) alipoomba cheo, Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba cheo ni amana, na Siku ya Kiyama kitakuwa hizaya na majuto, ila kwa aliyekichukua kwa haki yake na akaitimiza iliyo juu yake. Ukilipenda boga, penda na ua lake.

Wala tusisahau kiapo. Mkuu wa wilaya na hakimu huapishwa, na aliye Mwislamu hushika Msahafu akaapa kwamba ataitii Katiba na sheria. Dini ile anayosema haimruhusu, ndiyo ile ile aliyoiweka mkononi alipowaahidi watu. Suratul Maida hiyo hiyo, katika aya yake ya kwanza kabisa, inaamrisha kutimiza mikataba. Kama alijua kwamba hataweza, mbona aliapa? Na kama amejua baadaye, mlango wa kujiuzulu hauna kufuli.

Neno la pili ni hili: "Mbona Rais alikataa naye akasifiwa?" Mwezi wa Septemba 2017, Rais John Magufuli, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema wazi kwamba ni vigumu kwake kutia saini watu wanyongwe, akaomba asipelekewe orodha. Na kwa kweli tangu katikati ya miaka ya 1990 hapana aliyenyongwa nchini, ingawa sheria ipo. Lakini haya si mamoja na yale. Katiba yenyewe imempa Rais uwezo wa kusamehe na kupunguza adhabu. Sheria ilimwachia nafasi ya kuchagua, naye akachagua upande wa kutoua. Jamaa za waliouawa wana neno lao hapo, na katika sheria yetu neno lao ni zito. Lakini msajili wa ndoa hakuachiwa nafasi hiyo, wala hakimu mbele ya mke aliyetelekezwa. Tena kujizuia usimdhuru mtu si sawa na kumzuilia mtu chake. Afisa akiamrishwa ampige mahabusi, au abandike hatia kwa asiye na hatia, akatae pale pale, naye atakuwa ametii Mungu na sheria kwa pamoja.

Basi ipo njia gani kwa msajili yule wa Kiislamu ambaye moyo wake unamchoma? Zipo njia tatu, nazo ni za kufuatwa kwa taratibu. Ya kwanza, awaambie wakubwa wake mapema, kabla mtu yeyote hajafika mezani, ili kazi hiyo apewe mwenzake. Na yule aliyekuja asijue lolote, asingojeshwe, asisomewe hotuba, asitazamwe kwa jicho baya. Hii ni haki yake afisa, na serikali yenye busara yapaswa kumsikiliza. Kwani si vizuri nayo kumtega mtu kwa dini yake wakati yuko mwingine wa kuifanya kazi. Ya pili, kama hayupo mwingine, na katika ofisi ndogo za huku mara nyingi hayupo, ajue kwamba yeye ni mwandishi wa dola anayethibitisha jambo lililo katika sheria, si imamu anayebariki. Wako wanavyuoni watakaoliona hilo bado lina shaka, nami siwalaumu. Anayeona hivyo, basi na aishike ya tatu: akiache kiti, aombe kazi nyingine, na riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Njia ya nne, ya kubaki na kuzuia, haimo. Mtu wa Manyoni akifungiwa mlango bomani, kwenda Singida mjini ni zaidi ya kilomita 100. Nauli hiyo na siku hiyo ya shamba, ni nani atakayemlipa? Dhamiri yako wewe, nauli yake yeye: hiyo ni mizani gani?

Ama shekhe wa msikiti, huyo ni mbali. Yeye mezani pake ni meza ya dini, na sheria haikumlazimisha kufungisha ndoa isiyosihi kwa dini yake. Binti yule wa Kiislamu akija msikitini na kijana yule, shekhe atamkatalia, na atamnasihi kwa upole, na kumnasihi huko ni wajibu wake. Pale mimbarini ndipo mahali pa kusema "dini yangu hainiruhusu" kwa sauti ya juu. Kosa la zama zetu ni kunyamaza mimbarini kisha tukataka karani wa bomani atufanyie kazi ya kulea watoto wetu kwa muhuri wa serikali. Binti aliyelelewa akaijua dini yake hahitaji kufungiwa mlango bomani, na asiyelelewa, mlango huo hautamrudisha.

Enyi wazazi wa pwani, watoto wenu wanasoma, na Inshallah watapangiwa kazi huku bara: Singida, Iramba, Manyoni na kwingineko. Mnapowaaga, pamoja na Msahafu na mkeka wa kuswalia, wapeni na wasia huu: kila mwenye kufika mezani kwako ni mwenye amana yake aliyekuja kuichukua. Mpe. Na ikiwa kuna amana ambayo huwezi kuipokea, usiipokee tangu mwanzo. Mnyaturu asiye Mwislamu atakayetoka ofisini mwa mtoto wako na haki yake kamili, huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuuona Uislamu kwa karibu. Tumwombe Mwenyezi Mungu auone ukiwa na sura yake ya kweli.

Wabillahi tawfiq.